Hawkeye toleo la 19: tathmini ya msomaji kiziwi

Kati ya katuni za mashujaa wa Marekani zilizowahi kumweka kiziwi katikati ya hadithi, toleo la 19 la Hawkeye ndilo ninalolirudia mara kwa mara, na ndilo ninalompa mtu akiniuliza aanzie wapi. Kampuni ya Marvel ililitoa Julai 2014. Matt Fraction ndiye mwandishi, David Aja ndiye mchoraji, na rangi zimepakwa na Matt Hollingsworth. Mimi nimekuwa kiziwi tangu utotoni, baada ya homa ya uti wa mgongo, na lugha ninayoishi nayo ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Kiswahili nakisoma na kukiandika, ila sijakisikia tangu wakati huo. Kwa hiyo tathmini hii ni ya msomaji ambaye jambo lenyewe linamgusa moja kwa moja, lakini ambaye ishara zilizochorwa humu si zake. Naona niliseme hilo mapema, kwa kuwa ndilo linaloeleza yaliyonifurahisha na yaliyonikera pia.

Hadithi yenyewe haina makuu. Clint Barton, anayejulikana kama Hawkeye, ni mpiga mishale asiye na nguvu zozote za ajabu, ambaye amejikuta mwenye nyumba ya ghorofa huko Brooklyn, New York, akiishi pamoja na wapangaji wake na mbwa mwenye chongo, huku genge la wahuni waliovaa traksuti likitaka kuwafukuza wote kwenye jengo hilo. Katika toleo la 15, muuaji anayejipaka uso rangi za mchekeshaji wa sarakasi anamvamia Clint na kaka yake Barney. Barney anaumizwa vibaya, na Clint anachomwa mishale masikioni. Toleo la 19 linawakuta wawili hao baada ya mkasa huo: mdogo hasikii, mkubwa yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Tazama kwanza viputo vya maneno. Daktari anapozungumza, viputo vipo, vina umbo na ukubwa wa kawaida, na mkia wa kila kimoja umeelekea kinywani mwa msemaji, ila ndani yake ni vyeupe, bila neno lolote. Nimeona katuni nyingine zikionyesha uziwi kwa kuviondoa viputo kabisa, kana kwamba dunia imenyamaza. Kwangu dunia haijanyamaza hata siku moja. Watu wanasema, tena wanasema sana, na ninaona vinywa vyao vikienda bila mimi kupata kitu. Kiputo cheupe kimelipata jambo hilo sawasawa. Ndivyo ilivyo pia kwa kusoma midomo: Clint akikazia macho kinywa cha mtu, anachopata ni vipande, neno moja hapa na jingine pale, na mengine ni ya kukisia. Yeyote aliyewahi kusoma midomo ya mtu mwenye masharubu mazito, au anayetafuna, au anayegeukia simu yake katikati ya sentensi, atakiri kwamba hapo hakuna chumvi iliyoongezwa.

Kisha zinakuja fremu za ishara, ambazo ndizo zilizolipatia toleo hili sifa. Ndugu hawa wanaposemezana kwa mikono, msomaji hapewi tafsiri yoyote, si ndani ya kiputo, si kwa maandishi chini ya fremu, si kwa maelezo ya pembeni. Aja ameichora lugha ya ishara ya Marekani kwa mtindo wa kamusi za ishara: mtu kuanzia kifuani kwenda juu, ametazama mbele, mikono iko mahali pake, na vishale vinaonyesha inakoelekea. Nilimpa kitabu mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari anayesikia vizuri na anayezijua filamu za Marvel kuliko anavyoyajua masomo yake. Alipofika kwenye fremu hizo alisimama, akafungua ukurasa wa mbele, akarudi nyuma, mwishowe akaniletea kitabu na kuniuliza kwa ishara: “Mjomba, hapa wamesema nini?” Nyumbani kwetu swali hilo huwa langu. Watu wakicheka mezani, mimi ndiye huuliza kulikoni, na jibu huwa “nitakuambia baadaye”, na baadaye hiyo viziwi wengi tunaijua ilivyo. Mpwa wangu sikumpa jibu hilo. Nilimweleza niliyoyaelewa papo hapo, na yaliyobaki tukayakisia wote wawili, kwa kuwa si yote niliyoyaelewa.

Wengi hudhani kwamba lugha ya ishara ni moja dunia nzima. Marekani na Uingereza zinazungumza Kiingereza, lakini lugha zao za ishara hazielewani, na hata alfabeti ya vidole ni ya mkono mmoja Marekani na ya mikono miwili Uingereza. Alfabeti tunayotumia Kenya ni ya mkono mmoja na inafanana sana na ile ya Marekani, na zipo ishara ambazo tunashirikiana nao, kwa hiyo kuna fremu nilizipita bila kujiuliza. Nyingine zilinikwamisha kabisa: niliona mkono ulivyokunjwa, nikaona mshale unakoelekea, nikajua kwamba Barney amekasirika, ila alichokisema nikakikosa. Sikulaumu kitabu kwa hilo, maana hadithi ni ya Brooklyn na watu wake watumie lugha ya kwao. Lakini anayedhani kwamba kila kiziwi atasoma kurasa hizi kama barua kutoka nyumbani ajue sivyo. Katiba yetu ya 2010 inaihesabu Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na mimi binafsi bado sijashika mkononi katuni ambayo shujaa wake anaizungumza.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko usoni. Aja ni mchoraji wa mistari michache. Uso wa Clint mara nyingi ni plasta, nukta mbili za macho na mstari wa kinywa, na kwa hadithi ya kijana aliyechoka na kupigwa kila wiki mtindo huo unapendeza sana. Lugha ya ishara, hata hivyo, haikai mikononi peke yake. Katika lugha ya ishara ya Marekani nyusi zikiinuliwa, kauli inakuwa swali la ndiyo au hapana. Zikikunjwa, swali linakuwa la nani, nini au wapi. Na kutikisa kichwa kunaweza kuikanusha sentensi nzima huku mikono ikifanya vilevile. Unapoupunguza uso hadi mistari mitatu, unapunguza sarufi. Zipo fremu ambazo sikuweza kuamua kama Barney anauliza au anaamrisha, na sidhani kwamba utata huo ulikusudiwa. Mwendo nao unapotea kwa namna ileile: kishale kinaniambia mkono umekwenda wapi, lakini hakiniambii kama ulikwenda kwa pupa au kwa uvivu, ilhali kasi ndiyo inayobeba hasira, mzaha na kejeli.

Pamoja na hayo, uhusiano wa ndugu hawa umeandikwa na mtu aliyeelewa. Kurasa kadhaa zinaturudisha utotoni, katika nyumba ya baba mkali aliyewapiga, na tunajifunza kwamba Clint aliwahi kupoteza usikivu akiwa mtoto na kwamba ishara alizijua tangu wakati huo pamoja na Barney. Kwa hiyo katika toleo hili Clint anakirudia kitu alichokwisha kukizika, na ndiyo sababu anakataa kukigusa. Kwa muda mrefu hasemi kwa kinywa wala kwa mikono. Barney anamsukuma, anamchokoza, wanafikia hadi kupigana, mmoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ukaidi huo nimeuona kwa watu walioupata uziwi ukubwani: hawataki kuonekana wakitumia mikono mbele ya watu, wanatikisa kichwa na kutabasamu kwa mambo wasiyoyapata, wanajifungia chumbani. Katuni za mashujaa huwa na haraka ya kumpa mhusika aliyeumia kifaa kipya au nguvu mpya ili arudi kazini. Hapa anapewa kaka msumbufu, na hiyo ni dawa ninayoiamini zaidi.

Wasomaji wa zamani watakumbuka kwamba Hawkeye aliwahi kuwa na ulemavu wa kusikia kabla ya hapo. Katika hadithi fupi ya matoleo manne ya mwaka 1983, iliyoandikwa na kuchorwa na Mark Gruenwald, Clint aliharibika masikio kwa mlio wa mshale wake mwenyewe, akawa anavaa vifaa vya kusaidia kusikia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alipofufuliwa baada ya kifo, kwa mtindo wa kawaida wa Marvel, usikivu wake ulirudi pia, na jambo hilo likaachwa. Fraction na Aja hawakubuni jambo jipya. Walilirudisha lililokuwa limefutwa kirahisi.

Nina neno moja kuhusu toleo la 11 la mfululizo huuhuu, ambalo lilipata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya katuni huko Marekani, ya toleo bora mwaka 2014. Hadithi yake inaonekana kwa macho ya mbwa: maneno ya binadamu yamefifishwa isipokuwa yale machache anayoyajua, na harufu zimegeuzwa vijipicha. Ni kazi ya ajabu kwa ufundi. Lakini ukiyasoma matoleo hayo mawili kwa kufuatana, kama nilivyofanya, utaona kwamba mbinu zao zimekaribiana mno: mbwa anapata neno moja kati ya kumi, na kiziwi vilevile. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kinacholiokoa toleo la 19 ni zile fremu za ishara, kwa sababu zinaonyesha kwamba Clint hakupungukiwa na lugha. Anayo, na aliyepungukiwa ni msomaji.

Mlinganisho wa haki zaidi ni na Echo, yaani Maya Lopez, aliyebuniwa na David Mack na Joe Quesada na kuonekana kwanza katika Daredevil mwaka 1999. Maya ni kiziwi na ni mtu wa jamii za wenyeji asilia wa Marekani, na alama ya kiganja usoni mwake ni kumbukumbu ya damu ya baba yake aliyeuawa. Ninampenda, na picha za Mack zilizopakwa rangi za maji nazipenda zaidi. Tatizo ni kwamba Maya akiona jambo lolote likifanywa, iwe kupiga piano au ngumi, anaweza kulirudia bila kosa, na midomo anaisoma kwa urahisi ambao sijaukuta kwa kiziwi yeyote wa damu na nyama. Uziwi wake unalipiwa fidia papo hapo. Kwenye skrini mambo yamekwenda vizuri zaidi: katika tamthilia ya Hawkeye ya mwaka 2021, kisha katika ile inayobeba jina lake iliyotoka Januari 2024, Maya anaigizwa na Alaqua Cox, ambaye mwenyewe ni kiziwi, na ishara zake unaziona zikiwa na uso na kasi, yaani yaleyale ambayo karatasi haiyawezi.

Sasa kuhusu namna ya kusoma. Mara ya kwanza nilisoma kwa simu, kupitia programu moja ya katuni inayokuza fremu mojamoja na kukupeleka kwenye inayofuata kila ukigusa. Kwa katuni nyingi utaratibu huo unatosha. Hapa uliharibu kila kitu, kwa kuwa sentensi moja ya ishara inatandazwa katika fremu kadhaa zilizopangwa mstari mmoja, na programu ilinipa kila ishara peke yake, ile ya kwanza ikiwa imekwisha kupotea. Nikiukataa mpangilio huo na kuutazama ukurasa mzima, mikono ilikuwa midogo kama ya yule mkalimani anayewekwa kwenye pembe ya runinga wakati wa taarifa ya habari. Kwenye tableti hali ilikuwa nafuu. Nakala ya karatasi ndiyo iliyonitosheleza, na niliipata kwa kuagiza kutoka nje, kwa gharama ya usafirishaji iliyokaribia bei ya kitabu chenyewe.

Toleo la 19 limo katika juzuu ya nne, Rio Bravo, ya mwaka 2015, ambayo inafikisha hadithi kwenye toleo la mwisho, la 22. Nashauri juzuu hiyo badala ya toleo moja la pekee, kwa sababu bila la 15 hutaelewa kwa nini Barney ana haki ya kumkaripia mdogo wake, na bila mawili ya mwisho hutaona wapangaji wakisimama pamoja naye. Toleo la 17, linaloiga katuni za watoto za sikukuu, unaweza kuliruka. Wazazi wajue kwamba kuna damu, kipigo cha watoto na lugha chafu kiasi, kwa hiyo nisingempa mtoto wa shule ya msingi. Na anayesikia akitaka kuzifumbua fremu za ishara asikimbilie kutafuta tafsiri mtandaoni. Amtafute kiziwi, akae naye, wasome wote.