Gundi za kujaribishia modeli za plastiki: angalia unene kwanza

Mwezi uliopita niliharibu bawa la modeli ya ndege ya kivita, Spitfire ya kipimo cha 1/72, kwa sababu ya donge la gundi la shilingi 8,000. Lilikuwa la ile gundi laini kama chingamu iliyotafunwa. Nikabandikia bawa kwenye kiwiliwili cha ndege kwa muda, kujaribisha tu kama vinakutana kabla ya kuunganisha moja kwa moja, nikaona pengo, nikachukua msasa. Nikasugua, nikarudisha, pengo liko palepale. Nikasugua tena. Nilipobandua gundi ndipo nikagundua kuwa pengo lote lilikuwa lake, imejikalia katikati kama kokoto kwenye bawaba. Sasa pengo lipo kweli, nimelichonga mwenyewe.

Kwa hiyo habari za nguvu ya kushika msiniulize. Mimi nauliza kitu kimoja: gundi inachukua nafasi gani baina ya vipande? Unajaribisha ili uone kama vinakutana, halafu unaweka kitu cha kuvitenganisha!

Ya kwanza ni tepu ya Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, ile ya njano, na naipendelea bila aibu. Haiingii katikati hata kidogo, inapita juu ya kiungo. Kata vipande vifupi, bandika upande mmoja, vuta kidogo, kisha bandika wa pili; kiungo kinajikaza chenyewe. Karatasi yake ni nyembamba kiasi kwamba mstari wa kiungo unauona chini yake. Zipo za milimita 6, 10 na 18. Ukiwa na pesa ya moja tu, chukua ya 10.

Ya pili ni gundi nyeupe ya maseremala. Haiyeyushi plastiki kama gundi ya modeli, na ikikauka inabaki utando tu. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa sehemu tatu nne, bana, subiri. Kuibandua, maji ya uvuguvugu. Hapa Kampala, mvua za Machi hadi Mei zikianza, hiyo subira inakuwa ndefu. Mimi huacha hadi asubuhi. Kristal Klear, gundi ya kampuni ya Microscale, ni ya ukoo huohuo, ghali zaidi, ila nzuri kwa kioo cha rubani, maana supagluu hukitia ukungu mweupe.

Blu Tack na jamaa zake, yaani zile gundi laini kama iliyoniponza, nimeziweka ya tatu kwa huruma. Kushikilia vipande kwenye vijiti wakati wa kupuliza rangi, sawa. Kupimia kiungo, hapana. Tena osha kwa sabuni kabla ya rangi, huacha mafuta.

Selotepu huacha ulimbo. Basi.

Sasa wauzaji. Niliingia duka moja la Nasser Road kutafuta tepu. “Nyabo, hii Tamiya orijino,” kijana akaniambia, akinipa tepu ya mafundi wa kupaka nyumba rangi, imekatwa kwa kisu, ukingo una nyuzinyuzi, kwa bei ya ile ya Japani. Nikaiinua kwenye mwanga: nene, ina makunyanzi, huoni kitu ng’ambo. Fanyeni hivyo kabla ya kutoa pesa. Nilipomrudishia, hakubisha hata neno moja. Alishusha bei hadi nusu, papo hapo, na hilo ndilo lililonikera zaidi: alijua tangu mwanzo.