Uzoefu wangu: kikosi cha Space Marine kwa rangi za mwaka 1993

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengi wenu mnasoma aya ya kwanza kisha mnakimbilia picha. Kati ya maboksi ya sanamu za mchezo wa vita wa mezani yanayouzwa sasa, MkVI Tactical Squad (MkVI ni deraya ya aina ya sita) la kampuni ya Games Workshop ndilo ningempa mtu anayetaka kupaka rangi kwa mtindo wa zamani. Ndani kuna Space Marine 20, askari wa plastiki wenye deraya, vikosi viwili vya watu kumi kumi. Mimi nimemaliza kikosi cha kwanza, na nimekipaka kwa rangi za Blood Angels, mojawapo ya majeshi ya Space Marine: nyekundu ya kupiga kelele, vitako (vile visahani wanavyosimamia) vya kijani, eneo zima likiwa safi kama sare ya siku ya kwanza shuleni.

Wajuzi watanirukia hapo hapo. Boksi la toleo la pili la mchezo wenyewe, Warhammer 40,000, lililotoka mwaka 1993 likiwa na Blood Angels wakipigana na viumbe waitwao Orks kwenye jalada, halikuwa na helmeti za mdomo wa ndege kama hizi. Helmeti hizi ni za enzi ya Rogue Trader, toleo la kwanza la mchezo huo, mwaka 1987, enzi ya lile boksi la askari 30 lililouzwa pauni 9.95. Najua. Nimechanganya umbo la miaka ya themanini na rangi za miaka ya tisini kwa makusudi, na sioni haya. (Pauni 9.95 leo hazikupatii hata nusu ya kikosi, lakini tusianze kulia mapema.)

Kwa nini boksi hili na si jingine? Kwa sababu ya nafasi tupu. Sanamu nyingi za siku hizi zimejaa minyororo, mihuri ya nta, mafuvu na mikanda, na kila kitu kinadai rangi yake. MkVI ni deraya tupu: paja laini, kifua chenye bomba chache, helmeti yenye pua ndefu. Mtindo wa zamani unahitaji uwazi wa namna hiyo, kwani kazi yote iko kwenye rangi bapa inayong'aa na mstari mwembamba wa mwanga kwenye kingo. Ukiweka rangi hizo juu ya sanamu iliyojaa mapambo, unapata vurugu.

Watu hudhani mtindo huu ni wa wasiojua kupaka. Nendeni Warhammer World, kituo cha wageni cha Games Workshop kule Lenton, Nottingham, Uingereza, mkasogeze uso kwenye makabati ya kioo yenye sanamu za miaka ile. Hakuna matope, hakuna kutu, hakuna mikwaruzo ya vita ya kuficha mkono uliotetemeka. Mstari ukipinda, unaonekana. Mimi niliyezoea kumwaga rangi nyepesi ya kahawia juu ya kila kitu ili ijipange yenyewe kwenye mifereji, huu umekuwa mtihani.

Sasa rangi. Praima yangu, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine, ilikuwa nyeupe, si nyeusi. Nyekundu nyingi hupitisha mwanga; ukiiweka juu ya nyeusi inazama na kuwa kama tofali, ukiiweka juu ya nyeupe inawaka. Nilitumia rangi za Coat d'arms, zinazotengenezwa na kiwanda cha HMG cha Manchester, kilekile kilichokuwa kikitengeneza zamani rangi za Citadel, chapa ya Games Workshop. Ni nzito kidogo zinapotoka chupani, hivyo ongeza maji na upake mara mbili nyembamba badala ya mara moja nene. Nyekundu yao inafunika vizuri na kijani chao ndicho kile ninachokikumbuka. Njano ni njano: rangi ya chupa yoyote niliyowahi kuishika huwa dhaifu, na dawa yake ni kutanguliza kahawia hafifu chini yake, kisha njano juu.

Kwenye mifereji ya deraya nilipitisha wino wa kahawia-nyekundu kwa ncha ya brashi, kwenye mfereji tu, bila kugusa uso wa bapa. Kingo nilizipa rangi ya chungwa, na zile ncha kali kabisa, kama pua ya helmeti na vifundo vya vidole, chungwa iliyochanganywa na njano. Msitie nyeupe kwenye nyekundu, mtapata askari wa rangi ya waridi. Macho ni ya kijani, na nukta nyeupe pembeni. Bunduki nazo nyekundu! Leo mtu atakuuliza kwa nini silaha ya vita ing'ae hivyo, lakini zama zile bunduki nyekundu ilikuwa jambo la kawaida, na mezani kikosi kinaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Sajenti alipata raha zaidi. Upanga wake una mistari ya njano na nyeusi, goti lake moja lina miraba ya nyeusi na nyeupe. Miraba ndiyo iliyonila muda. Chora kwanza gridi kwa kalamu nyembamba ya wino usiofutika kwa maji, jaza nyeusi, kisha rudi na nyeupe kusahihisha.

Kasoro ya boksi kwa kazi hii ni bega la kushoto. Deraya ya MkVI ina vifundo vya chuma juu ya bega hilo, na hapo ndipo nembo ya Blood Angels, tone la damu lenye mabawa, inapotakiwa kukaa. Stika ya maji haiwezi kulala juu ya vifundo hata uilainishe vipi. Nimehamishia nembo bega la kulia, na ule mshale, alama ya aina ya kikosi ambayo hukaa bega hilo la kulia, nikauchora gotini. Kingine: bunduki zilizomo ni za kawaida, na silaha nzito zinauzwa kando. Kikosi cha 1993 bila kirusha makombora na kirusha moto hakijakamilika machoni pangu, kwa hiyo niliviokota vyote viwili kwenye mtumba.

Vitako ni vya milimita 32, wakati vya zamani vilikuwa 25. Hiyo ina maana kijani kingi zaidi, na kijani kingi kinaweza kummeza askari. Nilitandaza mchanga kwa gundi nyeupe, nikapaka kijani, nikapitisha juu juu brashi karibu kavu yenye kijani-njano kidogo, kisha ukingo nikauacha kijani kitupu. Hakuna nyasi bandia, hakuna vifusi. Nilijaribu kuweka jiwe moja chini ya sajenti na likaharibu kila kitu, nikaling'oa.

Kwa mnaonunulia ndugu huko nyumbani: usifungashe kopo la kupuliza kwenye sanduku la ndege, rangi za kupuliza haziruhusiwi. Peleka praima ya brashi. Na kwa walioko Dar, Mombasa au Zanzibar hiyo ni afadhali hata bila suala la ndege, kwa sababu ukipuliza kwenye hewa yenye unyevunyevu, praima inakauka kama chokaa.

Nani asinunue? Mtu anayetaka kucheza mechi za toleo la sasa la Warhammer 40,000, maana boksi hili limetengenezwa kwa ajili ya mchezo wa The Horus Heresy, uliotolewa upya mwaka 2022. Pia mtu asiyevumilia kukata na kusafisha vipande vidogo, kwani kuna mishono ya plastiki ya kuparuza kwa kisu kila mguu, na juu ya rangi bapa mshono uliobaki utaonekana tu.

Wale kumi waliobaki bado wako kwenye fremu za plastiki walizokuja nazo. Watakuwa Crimson Fists, jeshi jingine la Space Marine, bluu iliyokolea na ngumi nyekundu, kama jalada la Rogue Trader la 1987. Tatizo lao la bega la kushoto bado sijalipatia jibu, na nembo yao ya ngumi gotini sitaki.