Uzoefu wangu na bunduki kongwe ya Suhl: komeo la Jones

Bunduki yenyewe ni ya mitutu miwili, kazi ya mafundi wa Suhl, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Ina nyundo za nje na inakula risasi za 9.3x72R (kipenyo cha milimita 9.3). Nakshi safi, kitako kimechoka, shabaha ya mita 80 hainipi shida. Ila kilichonifanya nitoe pesa mfukoni ni komeo, yaani kifaa kinachoifunga mitutu isifunguke wakati wa kufyatua.

Wenzo wake umelala chini, umekumbatia upinde unaokinga trigga. Ukiusukuma kulia, mitutu inainama kwenye bawaba. Henry Jones wa Birmingham ndiye aliyeubuni mfumo huu mwaka 1859. Ndani kuna chuma cha mviringo kinachozunguka na kuling'ata jino la chini ya mitutu kwa pande zote mbili. Nyuso zake zimechongwa kwa mteremko, kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo mitutu inavyovutwa chini. Chuma kikilika, unapofunga wenzo unapita kidogo tu pale ulipokuwa ukiishia, basi. Nimeondoa kishikio cha mbele nikaitikisa mitutu kwa nguvu: kimya, haichezi hata chembe.

Sasa kero. Haina springi. Usipourudisha wenzo mwenyewe mpaka mwisho, bunduki haijafungwa, na nyundo hazikuonyi. Nguruwe mwitu naye hakungoji. Kwa hilo tu naipa nyota nne.

Kabla ya hii nilionyeshwa nyingine yenye wenzo wa juu na komeo la Greener, lile linalopita kwenye tundu la ulimi unaochomoza kati ya mitutu. Unafunga, springi inasukuma, ta! umemaliza. Muuzaji aliisifia kweli kweli. Nikapaka masizi ya mshumaa ndani ya tundu, nikafunga, nikafungua. Masizi yalikuwa vilevile, hayajakwanguliwa popote. Komeo lilikuwa pambo. Mzigo wote ulibebwa na makomeo ya chini.

Ukienda kununua, beba mshumaa. Halafu ikague bawaba, maana pini ikishalika hakuna komeo litakaloibana mitutu sawasawa, na hiyo ni kazi ya fundi bunduki, si ya kusugua kwa tupa nyumbani. Soma pia alama za majaribio chini ya mitutu, yaani mihuri inayoonyesha bunduki ilipimwa kwa baruti gani: iliyopimwa kwa baruti nyeusi ya kizamani pekee usiipe risasi za kisasa zenye nguvu.