Kabla hujanunua maganda ya 6.5 Creedmoor, chungulia tundu la chini

Mwezi wa tisa nilinunua maganda mapya matupu 200 ya 6.5 Creedmoor, aina ya risasi ya raifo, nijaze mwenyewe nyumbani, mfuko umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya mashindano, kampuni siitaji. Nikayaandaa kama kawaida yangu, baruti nikapima punje kwa punje, nikaenda nayo uwanjani huku Texas. Yadi 100 safi kabisa, matundu kwenye karatasi yanagusana, nikajiona fundi. Nikasogea yadi 600 ndo nikaona maajabu, moja juu moja chini kama mtu anapanda ngazi, na siku hiyo upepo hakuna. Kronografu, kile kifaa cha kupima mwendo wa risasi, nayo inaniambia mwendo unapishana zaidi ya futi 50 kwa sekunde. Nikalaumu baruti, nikalaumu mizani, nikamlaumu mpaka mume wangu eti alikuwa ananisemesha wakati napima.

Kumbe ni tundu la cheche.

Kwa wageni, ganda la raifo ni la shaba ya njano, kwenye kitako kuna kikalio cha fataki, yaani kidude kinachotoa cheche ya kuwasha baruti, na kati ya fataki na baruti kuna katundu ambako moto unapita. Viwanda vingi vinakatoboa kwa kupiga pini, kama unavyotoboa mkanda wa suruali kwa msumari, na shaba ikipigwa hivyo inaweza kuacha ukucha upande wa pili, yaani ndani ya ganda, chini kabisa ambako jicho halifiki. Cheche ikigonga ule ukucha inapinda, ganda hili kushoto, lile kulia, baruti haiwaki sawasawa. Yadi 100 hutajua. Ukienda mbali inakuumbua. Watu watakukalisha saa nzima wakikufundisha kupima uzito wa maganda na unene wa shingo, sawa, pimeni, ila sijasikia hata mmoja wao anataja huu ukucha.

Kukagua ni bure. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kiingize mdomoni mwa ganda mpaka chini, zungusha mara mbili utoe. Pamba ikirudi imechanika nyuzi, ukucha upo. Halafu washa tochi ya simu, weka kitako juu yake, chungulia kwa juu, mwanga uwe duara kamili kama mwezi wa kumi na nne. Kwenye yale yangu niliona duara limeng'atwa pembeni kama chapati iliyopitiwa na mtoto, na zaidi ya nusu ya mfuko yalinasa pamba. Ya mashindano hayo!

Haya, orodha yangu sasa.

Namba moja Lapua, na wala sijifichi, mimi ni wa Lapua. Wafini hawa wanatengeneza risasi tangu 1923 na kila boksi nililofungua mimi pamba imetoka kama ilivyoingia. Usishtuke ukiona shingo ina rangi ya bluu na kahawia kama imeungua, ndo walipoipasha moto ilainike, wengine wanaisugua ing'ae, wao wanaiacha. Ila nikuambie kitu ambacho muuzaji hatakuambia: yale yenye kikalio kidogo cha fataki tundu lake ni milimita 1.5 tu, wakati tundu la kawaida la Kimarekani ni kama milimita 2, na pini nyingi za kutolea fataki iliyotumika, zinazopita kwenye tundu hilo hilo, zina unene wa 1.57 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Mimi ya kwanza ilikwama nikaipinda, nikavuta na ganda likang'ang'ania huko huko juu. Nunua pini ya 1.45 siku hiyo hiyo unayonunua maganda. Bei inauma, zaidi ya dola moja kwa ganda, lakini ukilitunza na shingo ukaipasha moto kila baada ya muda litakuzalia risasi nyingi tu.

Namba mbili Peterson, wa Pennsylvania. Kitako kigumu, kikalio hakilegei haraka, sina ugomvi nao zaidi ya kwamba sio Lapua.

Namba tatu Starline wa Sedalia, Missouri, kiwanda kinakuuzia moja kwa moja na bei ni ya kibinadamu. Kama ndo unaanza chukua hawa na uongeze kifaa cha kukwangua ukucha. Hapo kwenye kifaa kuwa makini, vingi vya bei rahisi vinaegemea mdomo wa ganda ili vijue vikate kina gani, sasa kama maganda hayajakatwa urefu sawa, moja utalikwangua sana lingine hutaligusa. Kwa hiyo kata urefu kwanza, ndo ukwangue.

Ya kuokota uwanjani yapo, ya jeshi yenye alama ya LC (kiwanda cha Lake City), ila hayo kwa kawaida ni ya 5.56 au 7.62, sio 6.5 Creedmoor, na fataki zake zimebanwa pembeni, itabidi upanue kikalio. Kwa mazoezi sawa. Tuendelee.

Maana bado sijamaliza na yule muuzaji aliyeniuzia yale 200. Nilimrudishia ule mfuko na picha nimepiga, akaniambia eti harudishiwi mfuko uliofunguliwa. Kaka, tundu liko ndani ya ganda, ganda liko ndani ya mfuko, nilione kwa ndoto? Na hawa hawa ndo 2020 na 2021, vitu vilipoadimika, walikuwa wanapandisha bei kila ukirudi, ukiuliza unaambiwa soko. Mwingine nilimkuta maonyesho ya bunduki ya Jumamosi anauza Lapua bei mara mbili, boksi limefunguliwa, ndani 94 badala ya 100. Nilihesabu mbele yake. Akasema kiwanda ndo kimekosea. Nyumbani nikiwasimulia dada zangu kwenye wasapu hawaelewi hata nalia nini, wao wamebaki na "wewe na bunduki wapi na wapi".

Yale 200 niliyakwangua yote mwenyewe, jioni tatu mezani jikoni, vumbi la shaba mpaka kwenye sukari. Mwendo ukashuka kwenye kupishana futi 20 na kitu. Yanafaa, lakini nimeshaagiza Lapua, na pini za 1.45 mbili, maana ya kwanza nitaipinda tu.