Mapitio: Darasa la uandishi na sala la Jumamosi asubuhi, Mbeya mjini

Watu wengi wanaotaka kuandika hapa Mbeya hawakosi cha kuandika, wanakosa ratiba. Daftari hununuliwa Januari, kurasa chache za mwanzo hujazwa kwa mwandiko mzuri, kisha palizi, misiba, ada za shule na uchovu wa jioni hulifunga kabla ya Kwaresima. Kwa hiyo nilipoelezwa habari za darasa la uandishi na sala ambalo ushirika mmoja wa Kanisa la Moravian, si mbali na Mwanjelwa, huliendesha kila Jumamosi kwa yeyote apendaye kuja, nilitaka kujua jambo moja tu: je, linamwezesha mtu kuandika katikati ya juma, siku ambazo hakuna anayemtazama? Nimehudhuria msimu mzima, tangu baada ya Pasaka hadi mvua za Novemba, na jibu langu ni ndiyo, ingawa ninayo manung'uniko.

Saa moja kamili asubuhi mlango wa ukumbi hufungwa, na simu zote huwa zimekwisha kuwekwa ndani ya kikapu kilicho mezani. Huimbwa wimbo, ubeti mmoja au miwili, kisha husomwa neno la siku, yaani andiko fupi ambalo Wamoravian wa nchi nyingi hulisoma siku hiyohiyo. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na tangu 1731 maandiko hayo yamekuwa yakichapishwa kila mwaka kama kitabu; wamisionari waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891 walitumwa na kanisa hilohilo. Andiko la Agano la Kale hupatikana kwa kura inayopigwa hukohuko Herrnhut, kwa hiyo kiongozi wa darasa hana nafasi ya kuchagua mstari unaompendeza yeye, wala mwandishi hawezi kukwepa. Likija andiko la kuwapokea wageni siku ambayo mtu ameamka amegombana na mpangaji wake, itambidi aanzie hapohapo. Naliona jambo hili kuwa bora kuliko mada zinazobuniwa na walimu wa semina za uandishi, ambazo mara nyingi humruhusu mtu kurudia yale aliyozoea kuyasema.

Baada ya kusoma hufuata kimya, sala fupi, kisha dakika arobaini za kuandika kwa mkono. Anayemaliza mapema hukaa alipo na daftari lake. Chai ya maziwa yenye tangawizi huletwa pamoja na magimbi ya kuchemsha, ambayo katika baridi ya Juni ni hoja tosha ya kumtoa mtu kitandani, na baada ya chai watu husomeana wawili wawili. Kiongozi, ambaye ni mwalimu mstaafu, ana sheria moja anayoisimamia kwa upole mkali. Kijana mmoja alipoanza kwa kueleza kwamba kazi yake ni mbaya na hakupata muda wa kuirekebisha, alimkatiza: "Mwanangu, usituombe radhi. Tusomee."

Hata hivyo, nguvu ya darasa hili iko katika siku zisizo za darasa. Kila mmoja hupangiwa mwenzi, na kila asubuhi kabla ya saa mbili humtumia ujumbe wa neno moja: "Nimeandika." Alichokiandika hakitumwi wala hakiulizwi. Mwenzi hujibu kwamba anamwombea, na huenda kweli akamwombea. Lakini ujumbe usipoonekana, hupiga simu. Mwenzi wangu alikuwa mama anayeleta maparachichi mjini kutoka Rungwe, na asubuhi moja alinipigia huku sauti za wapakiaji zikisikika nyuma yake: "Kaka, leo sijaona ujumbe wako. Kwema huko nyumbani?" Swali lilikuwa la hali yangu, halikuwa la ukurasa wangu, na ndiyo sababu sikuweza kulijibu kwa visingizio. Niliandika kabla sijanywa chai.

Kazi kuu ya msimu ni kila mtu kuandika historia ya maisha yake. Hili nalo lina mizizi katika Umoravian, kwa kuwa tangu karne ya 18 waumini wa kanisa hilo wamekuwa wakiandika wenyewe habari za maisha yao ili zisomwe siku ya maziko yao, na maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa Herrnhut hadi leo. Sisi nasi tunasoma historia ya marehemu katika kila msiba, lakini tunajua jinsi inavyopatikana: mpwa mwenye mwandiko mzuri huitwa usiku wa kuamkia maziko, huulizia huku na huku mwaka wa kuzaliwa, wa ubatizo, wa kipaimara na wa ndoa, akamalizia kwa idadi ya watoto na wajukuu. Mtu aliyeishi miaka themanini huagwa kwa nusu ukurasa wa karatasi ya mistari.

Katika darasa letu alikuwamo mzee aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli ya TAZARA miaka ya 1970. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa ya namna hiyohiyo, orodha ya vyeo na vituo vya kazi. Kiongozi alimwuliza swali moja, kwamba walipokuwa kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, penye mahandaki na madaraja mengi, usiku walilala wapi. Juma lililofuata alisoma kurasa kadhaa juu ya mahema yaliyoloa, blanketi alilochangia na mwenzake, na jinsi walivyosali kwa kunong'ona ili wasiwaamshe wa zamu ya alfajiri. Nimesoma vitabu vilivyochapishwa ambavyo havina ukurasa mmoja wa uzito huo.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni kwamba ukosoaji ni laini mno: maandishi mazuri hupokewa kwa "Amina", maandishi dhaifu hupokewa kwa "Amina" ileile, na mtu anayetaka kujifunza kupunguza maneno au kupanga masimulizi itambidi atafute msomaji mwingine mwenye jicho kali. Sala za mwisho huelekea kurefuka kwa mahitaji ya kila mmoja, hata muda uliopangwa kwa kusomeana unapunguzwa, jambo ambalo lingerekebishwa kwa kutanguliza usomaji. Hakuna ada, bali kuna kisanduku cha mchango wa chai mlangoni, na ingawa nia ni njema, wageni hawajui watoe kiasi gani. Kiwango kilichotajwa wazi kingewaondolea aibu.

Ni darasa la Kikristo bila kificho, ingawa nilikaa pamoja na Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste, na hakuna aliyetakiwa kubadili dhehebu lake. Asiyependa sala hatapata hapa mlango wa pembeni wa kuingilia, kwa maana ukiondoa sala unaondoa pia ile simu ya saa mbili asubuhi. Kwa anayetaka ufundi wa lugha peke yake ningemshauri asubiri. Kwa anayejua cha kuandika lakini haandiki, sijaona huduma bora zaidi mjini. Msimu mpya huanza Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, na mgeni anapaswa kufika mapema kidogo, akiwa na daftari la mistari, kalamu mbili na sweta.