Kolibri kwa Kiingereza cha kidato cha kwanza: uzoefu wangu Chamwino

Nafundisha Kiingereza katika shule ya kata wilayani Chamwino. Watoto wanaotufikia wamesoma kwa Kiswahili miaka saba, na wengi nyumbani wanaongea Kigogo. Wakiingia kidato cha kwanza, Baiolojia ni Kiingereza, Jiografia ni Kiingereza, hadi matangazo ya paredi. Mtoto aliyekuwa anaongoza shule ya msingi anakaa kimya muhula mzima, na inaniuma kuona anaonekana hana akili.

Kolibri ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality la Marekani, na imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Kompyuta moja inabeba maktaba, vifaa vingine vinaungana nayo kwa Wi-Fi ya humo humo darasani. Nimeiweka kwenye kompyuta mpakato ya zamani na ruta ndogo isiyo na bando. Wanafunzi wanatumia vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Wenzangu wananiazima vya kwao siku ya kipindi. Masomo niliyapakua Dodoma mjini, tena kwa kuchagua, maana ukitaka kila kitu ni makumi ya gigabaiti.

Kilichonishika zaidi ni hadithi za African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za picha za watoto uliomo kwenye maktaba ya Kolibri. Hadithi ileile ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nawapanga wanne wanne kwa kishikwambi kimoja, wanasoma ya Kiswahili, wanasimuliana, ndipo wanafungua ya Kiingereza. Wakifika huko kisa wanakijua tayari, kwa hiyo nguvu yote inakwenda kwenye lugha. Kuna binti alikwama kwenye sentensi moja. Akaweka kidole juu yake, akarudi kwenye ukurasa wa Kiswahili kutazama picha, akawaambia wenzake, "Ni pale alipomkuta mbuzi." Kisha akaisoma yote kwa Kiingereza, kwa sauti. Huyo hakuwa amewahi kunyoosha mkono kwenye kipindi changu.

Nimeongeza kitu kisichokuwa cha Kolibri: kirekodi sauti cha kishikwambi chenyewe. Nasoma aya polepole na kuirekodi, wao wanasikiliza kwa hedifoni, wanajirekodi, wanafuta, wanarudia hadi waridhike. Kwa watoto wenye aibu sijaona kinachoshinda hili. Anakosea, anajisikia mwenyewe, anarekebisha, na hakuna wa kumcheka.

Sehemu ya mwalimu ndani ya Kolibri nayo ni nzuri. Inaonyesha nani amemaliza na swali gani limewashinda wengi, basi kesho yake naanzia hapo ubaoni.

Video za sayansi sizisifii sana kwa kidato cha kwanza. Wasemaji wengi wanakwenda kasi. Mimi nazima sauti, naeleza picha kwa Kiswahili, kisha tunarudia na sauti. Inakula muda, na kipindi ni dakika 40.

Vifaa lazima vichajiwe ofisini usiku wa kuamkia kipindi, kwa sababu umeme wa mchana hauaminiki. Na vumbi la Dodoma wakati wa upepo wa kipupwe linaingia kila tundu. Vifuniko si anasa. Hedifoni za bei rahisi zinakufa haraka, nunua za akiba.

Mwenye kishikwambi kimoja tu asisubiri vingine. Kolibri inakaa humo humo kwenye Android, na klabu ya Kiingereza ya jioni yenye wanafunzi wachache inatosha kuanzia hadithi. Video ziachwe hadi muhula wa pili.