Chaja inayodanganya kidogo

Miezi saba sasa naitumia kuchaji betri za lipo (lithiamu-polima) za seli mbili za bagi yangu ya 1:10, gari dogo la rimoti lenye ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi. Ni nyepesi, na feni yake haipigi kelele. Ila kioo kikiandika volti 8.40, mita yangu inasoma 8.43. Kwa anayechezea uani, si neno. Mimi nilikuwa kwenye mbio za mchujo ambako ukomo wa betri ulikuwa volti 8.40, na mkaguzi hakutaka hadithi: raundi ya kufuzu ikanipita!

Anayeota mashindano ya dunia ya IFMAR (shirikisho la kimataifa la mbio za magari ya rimoti), yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, atafute nyingine. Mimi naizima ikifika 8.36, nikiishikia mita. Nyota tatu, moja ni ya waya wake mrefu.